Tunajua Kuchagua Suti. Nani Atajua Kuishona?

Kuna uongo mmoja tumeubeba mtaani kwa muda mrefu: eti suti ni kitu cha Westlands na Karen, na sisi wa Eastlands tunaivaa tu tukienda harusi, mahakamani ama mazishi. Tembea Umoja na koti siku ya Jumanne uone. Lazima msee akuulize, "Buda, nani amekufa?" Tunacheka, lakini huo utani unaficha historia yetu wenyewe.

Naomba niwapitishe kwa hiyo historia, ju bila hiyo hutaelewa kwa nini koti la sufu la soo tano pale Gikomba linaweza kushinda suti mpya ya thao kumi na tano ya tao. Na hutaona shida yenye iko mbele yetu. Tumekuwa wajuzi wa kuchagua nguo, wengine wetu tunajua kuliko watu wa maduka makubwa. Lakini wale wanaojua kushona koti kutoka kitambaa kitupu hadi kifungo cha mwisho wanazeeka, na nyuma yao sioni foleni.

Kitambaa kilikuwa pesa

Tuanzie Zanzibar. Kuanzia miaka ya 1830, meli za wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa kizito cha pamba ambacho hakijatiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani, kwa jina la kilikotoka. Kikapanda na misafara mpaka bara, na huko kikawa pesa kabisa. Ulinunua chakula kwa merikani, ulilipa wapagazi kwa merikani, na ukitaka kupita kwa nchi ya mtu ulimpa merikani kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Marekani mwaka 1861 na pamba ikakosekana, vitambaa vya Uingereza na India vikaingia kuchukua nafasi. Jina likabaki.

Na usidhani watu wa bara walikuwa wanapokea chochote. Msafara ukifika na kitambaa chenye watu wa mahali hapo hawakitaki, mlilala njaa. Wafanyabiashara walilazimika kuuliza kabla ya safari: huko mbele wanavaa nini saa hii? Kushika kitambaa, kukivuta, kukipima uzito kwa mkono, hayo ni maarifa ya hapa, na ni ya zamani kuliko jiji la Nairobi.

Nguo pia ilikuwa inasema wewe ni nani. Zanzibar ya utumwa, kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtumwa alijulikana kwa mbali kwa nguo yake. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, watu walioachwa huru walibadilisha mavazi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kama umewahi kushika kofia ya kazi ya mkono, ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, unajua kuna mtu alikaa na sindano wiki nyingi. Kanzu nzuri nayo unaijulia shingoni, kwa darizi. Kabla hatujaiona suti, tulikuwa tayari tunajua kusoma mshono.

Kipande na tai

Sasa tuje kwetu. Nairobi ilipoanza kukua, serikali ya kikoloni iliamua Mwafrika akae upande wa mashariki. Pumwani ikapangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kikabomolewa na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Kisha Ziwani, Kaloleni, Bahati na mitaa mingine ikaongezeka. Eastlands ilijengwa kama mahali pa kulala wafanyakazi, karibu na kazi na mbali na wazungu.

Kama vile mitaa ilipangwa, nguo pia zilipangwa. Mfanyakazi wa nyumbani kwa mzungu alivalishwa kanzu nyeupe. Ona huo mchezo: vazi la muungwana wa pwani likageuzwa yunifomu ya mtumishi. Askari alivalishwa kaptura. Mtu mzima, baba ya watoto, anaitwa "boi" na magoti yako nje. Na shingoni kuna kipande. Hiyo ilikuwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanaume Mwafrika mtu mzima abebe karatasi yenye alama za vidole na historia ya kazi yake, ndani ya kikopo cha chuma kilichofungwa kwa kamba. Wengi walikining'iniza shingoni. Ukishikwa bila hicho, ni jela ama faini.

Kwa hivyo mwanaume wa Pumwani alipoweka senti kando miezi na miezi ndiyo apate suti ya Jumapili, msiseme alikuwa anaiga mzungu na mkamalizia hapo. Suruali ndefu ilikuwa inajibu lile neno "boi". Na tai ilikaa pale pale kikopo cha kipande kilikuwa kinakaa. Walowezi wengi walichukia sana kumwona Mwafrika amevaa vizuri, na hawakuwa wajinga. Walielewa nguo inasema nini.

Hizo suti zilishonwa wapi? Nyingi zilitoka kwa mafundi Wahindi wa Bazaar Street, ile barabara leo tunaiita Biashara Street, na kwenye varanda za maduka ya River Road. Mashine ilikuwa cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, mara nyingi Singer, kampuni ya Marekani iliyokuwa inauzia watu mashine kwa kulipa pole pole karibu dunia nzima. Cherehani ilikuwa kiwanda chenye unaweza kubeba kwa mkokoteni. Haihitaji stima, haihitaji jengo. Ndiyo maana kazi ya ushonaji ilifika mtaani haraka kuliko kazi nyingine za ufundi. Mpaka leo, ukipita Uhuru Market pale Jogoo Road, ule mlio wa mashine unausikia kabla hujafika mlangoni.

Mtu aliyebeba maana ya suti kuliko wote wakati huo ni Tom Mboya. Alianza kazi kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi. Mwaka 1957 akachaguliwa kuingia bunge la kikoloni akiwa na miaka 26. Machi 1960 uso wake ulikuwa kwenye jalada la jarida la TIME, na hakuwa amefika 30. Kwenye picha nyingi za wakati huo ana suti ya rangi iliyokolea, shati jeupe na tai nyembamba. Weka siasa kando kidogo uangalie picha tu. Huyu kijana amekaa meza moja na watu ambao mfumo wao ulimtaka mtu kama yeye avae kaptura, na hakuna kitu kwa mwili wake chenye wanaweza kukicheka. Alipigwa risasi mjini tarehe 5 Julai 1969. Alikuwa na miaka 38.

Bega halidanganyi

Wengi wanadhani suti ni bei. Suti ni vile inakaa. Mzee mmoja fundi pale Jericho, mwenye ananivumilia nikikaa kibandani kwake jioni, ananifundishanga kuanzia juu kwenda chini.

Kwanza bega. Mshono wa bega unafaa uishie pale mfupa wako unaishia. Ukipita, unaonekana umevaa koti la baba yako. Ukiwa ndani, kitambaa kinavutika na mkono unatoa mikunjo juu. Kiuno kinaweza kupunguzwa, mkono unaweza kufupishwa, lakini bega ukilikosa, urudishe hilo koti. Kulirekebisha ni kulifumua koti karibu lote, na gharama itashinda bei uliyonunulia.

Pili kola. Simama vile unasimamanga siku zote, usijikaze. Kola ya koti inafaa iguse kola ya shati bila nafasi. Kama kuna pengo nyuma ya shingo, hilo koti lilishonewa mtu mwenye mgongo tofauti na wako.

Tatu urefu. Koti la kawaida linafunika makalio na kuishia hapo. Mkono unaishia kwenye mfupa wa kiganja ndiyo shati ichungulie kidogo. Suruali inagusa kiatu bila kujikunja kama kodiani.

Hapo ndipo unaona tofauti ya kushonewa na kununua. Fundi hakuulizi saizi yako. Anapima kifua, kiuno, mabega, mkono, mgongo, na akiwa anapima anakuangalia. Karibu kila mtu ana bega moja limeshuka kuliko lingine. Fundi anaandika hiyo siri kwa daftari lake na anaificha ndani ya koti, na wewe unatoka umenyooka. Duka haliwezi kukufanyia hivyo, ju duka halikujui.

Miaka ya viwanda

Baada ya uhuru, Kenya haikuishia kushona, ilikuwa inafuma. Kisumu kulikuwa na KICOMI, Eldoret kulikuwa na Rivatex, na Thika na Nanyuki nako kulikuwa na viwanda vya nguo. Eldoret pia kulikuwa na Raymond Woollen Mills, kiwanda cha vitu vya sufu. Pamba ililimwa Nyanza, Magharibi na pwani, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa na kushonwa hapa hapa. Mzee wa Makadara wa miaka ya 1970 angeweza kuvaa suruali ambayo kila hatua yake ilimlipa Mkenya.

Ni wakati huo pia poliesta ilituingia. Ni uzi wa kutengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli, uligunduliwa Uingereza mwaka 1941. Watu wa mitaa waliupenda kwa sababu za maana: haukunjiki, unakauka haraka, na kama una suruali mbili na chumba hakina stima, hiyo ni baraka. Shida yake utaijua ukiwa ndani ya matatu saa saba mchana. Poliesta haipitishi jasho. Sufu inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla wewe usikie umelowa. Ndiyo maana sufu nyepesi inafaa Nairobi kabisa: Julai inakupa joto na Februari haikuchemshi.

Miaka hiyo ya 1970 Afrika ilikuwa pia inauliza kama suti yenyewe ni yetu. Rais wa Zambia, Kenneth Kaunda, alivaa koti la shingo wazi lisilo na tai, na mpaka leo linabeba jina lake. Zaire, Mobutu alienda mbali zaidi: alipiga vita koti na tai na kuleta abacost, jina lililotoka kwa maneno ya Kifaransa ya kusema suti iangushwe. Lakini vijana wa Kinshasa na Brazzaville wakageuza suti kuwa uasi. Hao ndio ma-sapeur. Papa Wemba alipofanya mavazi ya kifahari kuwa sehemu ya muziki wake, kuvaa vizuri kulikuwa pia njia ya kumwambia mkubwa: huwezi kunichagulia nguo.

Sasa sikiza hii ya kwetu. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni. Mwanaume aingie na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Rais mwenyewe alikuwa amejulikana kwa hizo Kaunda. Mobutu alikataza tai, sisi tukakataza kutokuwa na tai. Watu walibishana kuhusu heshima na ukoloni, lakini sikusikia mtu akitaja fundi. Suti ya Kaunda haina matabaka mengi ya ndani. Fundi wa Kayole mwenye cherehani moja na pasi anaweza kuishona yote, mwanzo hadi mwisho, na ikakaa vizuri. Katika suti zote za heshima, hiyo ndiyo mtaa unaiweza bila kusaidiwa, na hiyo ndiyo ilifungiwa mlango.

Gikomba, chuo bila karo

Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa na mitumba ikamwagika. Viwanda vikaanza kuanguka. KICOMI ilifungwa. Rivatex ikawekwa chini ya warasimu mwaka 1998, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Watu wanapenda kusema mitumba iliua viwanda, lakini mitumba haikuwa peke yake. Kulikuwa na usimamizi mbaya, mashine zilizozeeka, stima ghali, wakulima wa pamba wasiolipwa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Mitumba ilikuta mgonjwa tayari yuko kitandani.

Lakini mitumba pia ilitulea. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu. Mwezi Machi 2020, corona ilipoingia, uagizaji ulisimamishwa mpaka Agosti, na familia nyingi za mtaani zilijua maana ya soko kufungwa. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15 pale Gikomba, na bado soko liliamka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ju karo ilikuwa imegoma kupatikana, na kitu cha kwanza kilichonilipa baada ya hapo ni kuuza makoti. Siwezi kuitukana mitumba nikiwa nimeshiba kwayo.

Na Gikomba ni darasa. Bale ikifunguliwa asubuhi, nguo bora zinaitwa kamera, zinaenda kwa wenye pesa na wenye macho. Zinazobaki mwisho zinaitwa fagia. Kati ya kamera na fagia kuna elimu yote. Kuna jamaa wanaguza koti sekunde tatu wanakuambia kitambaa, umri na bei. Mnajifunzaje? Hivi.

Soma lebo, lakini soma kwa lugha zake. Sufu kwa Kiitaliano na Kihispania ni lana, kwa Kifaransa ni laine, kwa Kijerumani ni Wolle ama Schurwolle. Ukiona 100% mbele ya hayo maneno, kaa hapo. Ukiona ile alama ya Woolmark, kibonge cha uzi kilichochorwa kwa mistari iliyozungukana, hiyo imekuwa alama ya sufu safi tangu 1964.

Kama lebo imekatwa, tumia mkono. Kamata kitambaa, kifinye ndani ya ngumi sekunde kumi, achilia. Sufu inarudi yenyewe, ju uzi wake una mawimbi kama springi. Poliesta nyingi zinateleza na kung'aa kwenye jua. Ukishanunua, chomoa uzi mmoja kutoka upindo wa ndani uuchome na kiberiti ukiwa nje. Sufu inanuka kama nywele zinaungua na inabaki majivu yanayopondeka. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Kisha tafuta kilicho katikati. Koti zuri lina matabaka matatu kifuani: kitambaa cha nje, bitana ya ndani, na katikati yao kanvasi, kitambaa kigumu kilichofumwa na manyoya ya farasi. Mafundi wa zamani waliishona hiyo kanvasi kwa mkono, mishono mingi midogo, ndiyo koti lishike umbo la kifua na lijifunze mwili wako. Kuanzia katikati ya karne iliyopita viwanda vikaanza kuigandisha kwa gundi, ju ni haraka. Chini ya tundu la kifungo, finya kitambaa cha nje na cha ndani, uvitenganishe kwa vidole. Ukisikia tabaka la tatu linaelea katikati, umepata kanvasi. Ukisikia kitambaa cha nje kimekuwa kimoja na kigumu kama karatasi, ni gundi. Gundi ikizeeka ama ikipigwa pasi vibaya inatoa mapovu kifuani, na hakuna fundi wa kuyaondoa.

Malizia na vitu vidogo. Kama kitambaa kina mistari ama miraba, angalia kama mistari inaendelea kwenye mfuko bila kukatika. Angalia kama vifungo vya mkononi vinafunguka kweli. Geuza suruali ndani nje, uangalie mshono wa nyuma kiunoni: kama kuna kitambaa cha ziada kimeachwa, aliyeshona alijua mwenye suruali atanenepa siku moja. Huyo alikuwa anafikiria miaka mingi mbele.

Ndiyo sasa linganisha na zile suti mpya zinazong'aa, zile vijana wengi wananunua tao za kuenda ruracio. Nyingi ni poliesta na viskosi juu ya gundi, zimebana mpaka mtu hawezi kuketi. Utalipa mara thelathini ya koti la Gikomba kwa kitu chenye kitakufa kabla ya wewe kulipa deni la hiyo suti.

Nani atashona?

Hapa ndipo roho inaniuma. Nilimuuliza yule mzee wa Jericho mara ya mwisho alishona lini koti zima la sufu, na kanvasi yake, kwa mkono. Alinyamaza akihesabu. Ilikuwa zamani kuliko umri wangu. Siku hizi kazi yake ni kupunguza: vijana kama mimi tunamletea makoti ya wazungu waliokufa, anakata kiuno, anafupisha mkono, anachukua soo tatu. Akifungua koti la kizamani anaangalia ndani muda mrefu kabla ya kuweka mkasi. Anaheshimu fundi mwenye hamjui. Uhuru Market nako utakuta kazi kubwa ni yunifomu za shule, kazi nzuri na ya heshima, lakini sweta na kaptura hazimfundishi kijana kuweka kanvasi.

Halafu panda matatu ya Athi River. Kule, kwenye viwanda vya kuuza nje, Wakenya wamekuwa wakishona nguo mpya za kwenda Marekani chini ya mpango wa AGOA ulioanza mwaka 2000. Kila mmoja anashona kipande kimoja, mfuko tu ama mkono tu, siku nzima. Nguo inavaliwa kule, inachokwa, inafungwa bale, inarudi Gikomba. Tunawashonea mpya, tunavaa kuukuu. Merikani imerudi, na safari hii uzi wenyewe tumeupitisha mikononi mwetu kwanza.

Serikali za Afrika Mashariki zilijaribu. Mwaka 2016 zilikubaliana kuondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuondoa AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kule bila ushuru. Kwa hivyo sisubiri marufuku, na siitaki. Ukifunga Gikomba kesho bila kiwanda na bila fundi, tutavaa poliesta mpya ya Asia, na tutakuwa tumepoteza hata darasa.

Kile nataka ni kidogo, na kinawezekana na pesa ya mtaa. Maarifa ya suti nzuri yako hapa Eastlands saa hii, nusu yakiwa ndani ya makoti na nusu kwenye vichwa vya wazee wachache. Makoti yataendelea kuja. Wazee hawatarudi. Rivatex ilifunguliwa upya 2019. Vitambaa viko Biashara Street na Eastleigh. Kwa kila makoti matatu unayonunua Gikomba, shonewa suruali moja na fundi wa mtaa wako. Lipa deposti kwa wakati, na usimkimbize. Mwambie akuonyeshe ndani kabla hajafunga bitana. Na kama uko na ndugu amemaliza fomu four na anakaa tu kwa base, mpeleke akae kibandani kwa mzee, hata kama ataanza kwa kufagia nyuzi na kuwasha pasi ya makaa.

Mimi nimeanza kushona Jumanne na Alhamisi. Mpaka sasa naweza kuweka zipu, upindo na mfuko wa pembeni. Mzee amesema kanvasi tutaigusa mwaka ujao, mkono wangu ukitulia. Kuna nafasi ya mtu mwingine mmoja kwenye hilo benchi.